Maisha ya Mohamed Amin, Mpiga Picha Aliyerudi

Mwaka huu Chama cha Kiswahili kimenipa nafasi ya kusimulia maisha ya mtu mashuhuri aliyetutangulia mbele ya haki. Wengi darasani walidhani nitaandika juu ya mwanasiasa ama mkimbiaji. Mimi nimemchagua mpiga picha. Jina lake ni Mohamed Amin, na marafiki zake walimwita Mo kwa kifupi. Sababu ya kumchagua nitaitoa mwishoni, kwa hivyo usilifunge jarida kabla hujafika huko.

Mohamed Amin alizaliwa tarehe 29 Agosti 1943 katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Wazazi wake walikuwa Waislamu wenye asili ya Punjab, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Kazi ya reli ni kazi ya kuhamahama, kwa hivyo Mo angali mtoto jamaa hiyo ilihamia Dar es Salaam. Huko ndiko alikopata kamera yake ya kwanza, Box Brownie iliyokuwa imeshatumiwa na mtu mwingine. Box Brownie ni kijisanduku tu chenye kioo kidogo mbele, haina mambo mengi. Lakini kijana huyo alipoanza kubonyeza, hakuacha tena hadi siku ya kufa kwake.

Hapa inafaa nieleze kidogo, maana sisi wa siku hizi tumezoea simu. Kamera za wakati ule zilitumia mkanda wa filamu. Mkanda wa kawaida wa milimita 35 ulitoa picha 36, basi. Ukibonyeza ovyo, umemaliza. Mwangaza ukiingia ndani kabla mkanda haujasafishwa, kazi yote imeharibika. Tena huwezi kujua kama picha imetoka vizuri mpaka mkanda uoshwe kwa dawa katika chumba cha giza. Mpiga picha wa habari alikuwa na shida nyingine juu ya hizo. Mkanda wake ulihitaji kufika uwanja wa ndege na kusafirishwa hadi London au kwingineko kabla habari haijapoa, na njiani kulikuwa na askari ambao pengine wangeutaka wao. Kupiga picha ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kuitoa ikiwa salama.

Mnamo mwaka wa 1963, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, Mo alianzisha kampuni yake ya picha mjini Dar es Salaam na kuiita Camerapix. Haikupita muda, Januari 1964, mapinduzi yakatokea Zanzibar, naye akavuka bahari kwenda kuyapiga picha. Kisiwa hicho kilimtia adabu. Mwaka wa 1966 alikamatwa huko na kufungwa jela karibu mwezi mzima, akateswa, kisha akafukuzwa. Akarudi Nairobi alikozaliwa, na Camerapix ikahamia huko pamoja naye.

Nairobi ndiyo iliyomfanya ajulikane. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipopigwa risasi katikati ya jiji, Mo alifika haraka akiwa na kamera zake. Picha za siku hiyo ya huzuni zilionekana duniani kote. Kuanzia hapo, pakitokea jambo Uganda, Kongo ama Somalia, wakubwa wa habari kule London walijua wa kumpigia simu. Begani alibeba kamera za picha za kawaida, na mkononi kamera ya sinema au ya televisheni. Yaani mtu mmoja alifanya kazi ya watu wawili.

Lakini jiji ambalo halitengani na jina lake si Nairobi wala Dar es Salaam. Ni Addis Ababa.

Addis Ababa ni mji mkuu wa Ethiopia. Uko juu milimani, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na ulianzishwa mwaka wa 1886 katika zama za Menelik wa Pili. Kwa lugha ya Kiamhari jina hilo maana yake ni Ua Jipya. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulizaliwa humo tarehe 25 Mei 1963, kwa hivyo mwandishi yeyote wa habari za Afrika hakuweza kuukwepa. Kutoka Nairobi ni safari ya ndege ya saa mbili hivi. Mo aliizoea njia hiyo kama sisi tulivyoizoea barabara ya kwenda Mwingi.

Sasa tufike mwaka wa 1984. Mwaka huo mvua ilikataa kunyesha katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Hapa kwetu Kyuso wazee wanaukumbuka vizuri. Nyanya yangu husimulia habari za mahindi ya manjano ya msaada, na jinsi watu walivyoamka usiku kwenda kuchimba mchanga wa mto kutafuta maji. Lakini kaskazini mwa Ethiopia mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu mbali na ukame kulikuwa na vita kati ya serikali na waasi. Mkulima hakuweza kulima wala chakula kusafirishwa. Na huko jijini Addis Ababa, Septemba mwaka huo, serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa ikisherehekea miaka kumi ya mapinduzi kwa mapambo na gwaride. Hebu fikiri! Sherehe mjini, maiti mashambani, na waandishi wa habari wakinyimwa ruhusa ya kwenda kuona.

Ruhusa zote zilitolewa jijini, ofisi baada ya ofisi. Ilikuwa kazi ya kubisha hodi, kungoja, kurudishwa na kubisha tena. Mo alikuwa na kipaji cha kamera, lakini pia alikuwa na kipaji cha kutokubali kurudishwa. Oktoba 1984 alipata ruhusa, na pamoja na Michael Buerk, mtangazaji wa BBC, wakapita Addis Ababa hadi kaskazini, Mekele na Korem.

Walifika penye uwanda wa Korem alfajiri, kukiwa na baridi kali. Maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wamelala nje, wamejifunika mashuka, katikati ya moshi na ukungu. Jua lilipotoka, ilionekana kwamba wengine walikuwa wamekufa usiku. Mo aliyekuwa ameona vita vingi alipiga picha polepole, uso baada ya uso, bila kuharakisha kamera.

Mkanda ulifikishwa London, na tarehe 23 Oktoba 1984 habari ile ikaonyeshwa na BBC. Baadaye vituo zaidi ya 400 vya televisheni duniani viliionyesha. Watu waliacha chakula mezani. Mwanamuziki Bob Geldof aliiona, na kabla ya mwaka kwisha akawa amewakusanya wenzake wa Uingereza kurekodi wimbo wa kuchangisha pesa. Wamarekani nao wakarekodi wao mapema mwaka wa 1985. Halafu tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika matamasha makubwa ya Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja. Mamilioni ya pesa yakachangwa, meli na ndege za chakula zikaenda Ethiopia. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamekufa au walikufa baadaye, lakini wengi waliokuwa wanangoja zamu yao waliokolewa. Yote yalianza na kamera ya mtu wa Eastleigh.

Ningeweza kuishia hapa, na wengi wanaomsimulia Mo huishia hapa. Lakini kuna jambo lililonisumbua. Wapo waliosema, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba tangu picha zile Mwafrika amejulikana ulimwenguni kama mtu wa kunyoosha mkono tu. Ukitaja Ethiopia, mtu wa Ulaya anaona mtoto mwenye njaa. Haoni nchi yenye maandishi yake, wafalme wake na makanisa yake ya kale. Je, lawama hii ni ya kweli? Mimi naona ina ukweli ndani yake. Picha ya njaa huokoa maisha, lakini pia huacha doa kwenye jina la mtu.

Mo alifanya nini juu ya doa hilo? Alirudi. Hakurudi mara moja ama mbili, alirudi tena na tena. Camerapix yake ndiyo iliyochapisha Selamta, jarida la abiria wa shirika la ndege la Ethiopia. Kwa hivyo mtu yeyote aliyepanda ndege hizo aliikuta nchi ile ikiwa imepambwa kwa picha nzuri. Pia alishiriki kutengeneza kitabu kikubwa cha picha kiitwacho Journey Through Ethiopia. Wakristo wa Ethiopia wana makanisa ya Lalibela, yaliyochongwa ndani ya mwamba mmoja mmoja kama mtu anavyochonga mwiko. Kuna ngome za Gondar, na minara ya mawe ya Axum. Addis Ababa yenyewe ina soko la Merkato, kubwa ajabu. Nchi ile ile aliyoionyesha ikifa, akaionyesha pia ikiishi.

Na jiji hilo halikumlipa wema kwa wema. Mei 1991 Mengistu alitoroka, na waasi wakaingia Addis Ababa. Mo alikuwako, kama kawaida yake. Tarehe 4 Juni 1991 ghala la silaha lililipuka jijini humo. Mo na wenzake walikuwa karibu wakipiga picha za moto. John Mathai, aliyekuwa akirekodi sauti, alifariki dunia. Mo aliumia vibaya na kupoteza mkono wa kushoto.

Mpiga picha mwenye mkono mmoja, wanafunzi wenzangu! Nani angemlaumu kama angekaa nyumbani na kulea wajukuu? Kumbe hamkumjua. Alitengenezewa mkono wa bandia wa kisasa huko Marekani, akajifunza kuishika kamera upya, na baada ya miezi michache akawa kazini. Na mji aliorudia ulikuwa ni ule ule, Addis Ababa.

Safari yake ya mwisho ilikuwa Novemba 1996. Alikuwa amekwenda Addis Ababa kwa shughuli za kampuni, akiwa na mwandishi mwenzake wa siku nyingi, Brian Tetley. Tarehe 23 Novemba walipanda ndege ya Ethiopia ya kuja Nairobi. Ilikuwa ni safari ya saa mbili tu, kama tulivyosema. Angani watu watatu waliiteka ndege na kumtaka rubani, Kapteni Leul Abate, awapeleke Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi. Hawakusikia. Mafuta yakaisha, na ndege ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazidja, visiwani Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwa ndani, 125 walikufa, Mo na Tetley wakiwa miongoni mwao. Mtalii mmoja aliyekuwa ufuoni aliipiga picha ya video ndege ikigonga maji. Walionusurika walisimulia kwamba katika dakika za mwisho Mo hakuwa ameketi. Alikuwa wima, akikabiliana na watekaji nyara. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Sasa nitimize ahadi yangu. Kwa nini nimemchagua Mo?

Sisi wa Kyuso tunazijua kamera. Ukame ukija, nazo huja. Gari husimama, watu hushuka, hupiga picha ng'ombe aliyelala chini, mama mwenye mtungi mtupu, watoto kwenye foleni ya mwolyo. Halafu gari huondoka na vumbi lake. Si vibaya, kwa sababu bila picha hizo huenda chakula kisingefika. Lakini mvua ikinyesha, ndengu zikachanua shambani na mbuzi wakanenepa, sijaona gari likisimama. Basi mtu wa mbali akisikia jina la kwetu, anajua siku zetu mbaya tu.

Maisha ya Mo yamenifundisha kwamba mtu akikupiga picha siku yako mbaya kabisa, anabaki na deni lako. Deni hilo hulipwa kwa kurudi siku yako njema. Mo alilipa, na malipo yake yalikuwa mkono wake, rafiki yake na mwishowe roho yake. Wageni wengine hawatarudi kulipa, na sisi hatuwezi kuwalazimisha. Lakini wenyeji tupo. Najua shuleni simu haziruhusiwi, na mwalimu wa zamu asije akadhani ninachochea. Nasema habari za likizo. Ukienda nyumbani na simu ya kaka ama ya mama, usipige picha ya uso wako pekee mara hamsini. Ipige picha ndengu ya nyanya yako siku ya mavuno. Mpige picha mzee anayechonga mzinga wa nyuki. Uziweke vizuri. Hizo hazihitaji ruhusa ya ofisi yoyote wala mkanda wa picha 36.

Mola amrehemu Mohamed Amin, na John Mathai, na wote waliokufa Korem bila majina yao kuandikwa. Nami nakomea hapo.