Cyprian wa Carthage: Askofu Aliyewafungulia Mlango Walioritadi

Msafiri akiingia Msikiti wa Zaytuna mjini Tunis ataona nguzo za mawe ambazo hazikuchongwa na mafundi wa Kiislamu. Nyingi zilichukuliwa katika magofu ya Carthage, mji mkongwe ulio mwendo mfupi tu kutoka hapo, ukingoni mwa bahari. Waarabu walipoutwaa mji huo mwaka 698, ulikuwa umekaa mikononi mwa Wakristo kwa karne kadhaa. Hata jina la Ifriqiya, ambalo wanahistoria wa Kiarabu waliipa nchi ile, walilirithi kwa Warumi walioliita jimbo lao Africa. Huko ndiko ninakotaka kumpeleka msomaji leo. Lakini itabidi turudi nyuma zaidi, miaka 370 na kitu kabla ya Hijra, wakati Warumi wangali wanaabudu masanamu na Wakristo ni kundi dogo linalotazamwa kwa jicho baya.

Nilipotaja barazani kwamba nataka kuandika habari za askofu wa zamani, mzee mmoja alitaka kujua mna nini katika maisha ya askofu hata sisi Waislamu tuyasome. Nikamjibu kwamba swali lililomnyima askofu huyo usingizi twalijua na sisi: mtu aliyeikana dini yake kwa kuiogopea roho yake, kisha akarudi analia, apokewe vipi? Mzee akanyamaza kidogo, akaniambia niandike.

Jina lake kamili lilikuwa Thascius Caecilius Cyprianus, nasi tutamwita Cyprian kama wamwitavyo wengi. Alizaliwa baina ya mwaka 200 na 210, akawa mtu mwenye mali, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana ufasaha wa kusema, elimu iliyomfikisha mtu mbali katika dola ya Rumi. Alikuwa na nyumba na bustani nzuri mjini Carthage, na marafiki miongoni mwa wakubwa. Umri wake ulikwisha kuwa wa mtu mzima alipoingia Ukristo, kiasi cha mwaka 246. Akauza sehemu kubwa ya mali yake akawagawia maskini. Haikupita hata miaka mitatu watu wa kawaida wakamtaka awe askofu wao. Makasisi watano wakanuna, wakiona mgeni wa juzi amewapita wao waliozeekea kazini, na chuki hiyo ikaja kumsumbua sana.

Basi mwaka 249 alitawala kaizari mpya, Decius. Dola ilikuwa taabani, maadui wanashambulia mipakani, na Decius aliona dawa ni kuirudia miungu ya wazee wao. Akatoa amri kwamba kila mkaaji wa dola atoe sadaka mbele ya masanamu, amwage kinywaji, aonje nyama ya sadaka, na hayo yote ayafanye mbele ya wasimamizi waliowekwa. Akimaliza hupewa cheti. Vyeti hivyo si hadithi. Zaidi ya 40 vimechimbuliwa katika mchanga wa Misri, vimeandikwa juu ya mafunjo, kila kimoja na jina la mtu na ushuhuda wa waliomwona. Asiyekuwa na cheti alikabiliwa na jela, mateso, kunyang'anywa mali, au kufa. Askofu wa Roma, Fabian, alikufa mwezi wa Januari mwaka 250, mwanzo tu wa msukosuko.

Yaliyotokea Carthage yalimvunja moyo Cyprian. Yeye mwenyewe ameeleza jinsi Wakristo walivyokimbilia uwanjani kabla hata ya kukamatwa, mpaka wasimamizi wakawaambia jua limekuchwa warudi kesho, nao wakawasihi wasiwarudishe. Wazazi waliwapeleka watoto wao mikononi. Wengine walifukiza ubani tu. Na wengine, ambao mtu wa mjini atawatambua mara moja, hawakutoa sadaka wala ubani bali walitoa hongo, wakanunua cheti cha uongo na kukificha nyumbani, huku wakijiambia kwamba hawakutenda lolote.

Lakini wapo walioangushwa kwa nguvu. Kuna mwanamke mmoja aitwaye Bona, ambaye mumewe mwenyewe alimburura mpaka penye madhabahu. Wakamshika mikono wakaifanyisha wao ile kazi ya kutoa sadaka, naye akapiga kelele kwamba si yeye aliyetenda bali ni wao. Akahukumiwa kufukuzwa katika mji. Sidhani msomaji Muislamu ataisoma habari ya Bona asimkumbuke Ammar bin Yasir, ambaye makafiri wa Makka walimtesa mpaka akatamka waliyoyataka, na Mtume (S.A.W.) akamtuliza kwa kuwa moyo wake ulikuwa umetua juu ya imani.

Na Cyprian alikuwa wapi siku hizo? Alikuwa amejificha. Umati ulikuwa ukipiga kelele atupiwe simba, na serikali ikatangaza kunyang'anywa kwa mali yake. Yeye akauhama mji kimya kimya, akakaa mafichoni zaidi ya mwaka mmoja. Makasisi wa Roma, ambao askofu wao alikuwa amekufa shahidi, wakaandika barua yenye mwiba ndani kuhusu mchungaji anayewakimbia kondoo. Maadui zake wa nyumbani walifurahi.

Mimi simhesabu kuwa mwoga. Kuhama ili kuokoa jamaa si jambo la aibu kwetu sisi tunaohesabu miaka yetu kwa Hijra. Na huko mafichoni hakulala. Aliandika barua moja baada ya nyingine, akapeleka fedha kwa wafungwa na mafukara, akaagiza wajane na wagonjwa watazamwe. Lakini sharti tuseme kweli pia: mtu aliyekimbia ndiye aliyekuja kuwahukumu waliobaki wakavunjika, na neno hilo hawakuacha kumrushia usoni. Huenda ndilo lililomfanya awe mpole kuliko ambavyo angekuwa.

Hapo pakazuka jambo gumu. Miongoni mwa Wakristo walikuwapo waliokamatwa wakateswa na wasiitikie. Heshima yao ilikuwa kubwa mno. Walioanguka wakawaendea jelani kuwaomba barua za msamaha, nao, kwa huruma, wakawaandikia. Barua zikawa nyingi kama karanga. Baadhi zilimtaja mtu mmoja pamoja na watu wake bila kusema ni watu gani wala wangapi, na mwenye nayo akaja nayo kanisani na ukoo mzima nyuma yake. Mfungwa mmoja, Lucianus, aliyewaona wenzake wakifa kwa njaa katika chumba chenye giza, aliandika kusamehe wote kwa jumla, akisema ndio wasia wa Paulus aliyekufa shahidi.

Nasema kwa huruma, kwani barua aliyoletewa Lucianus kutoka Roma yamliza mtu. Iliandikwa na Celerinus, aliyefungwa minyororo huko siku 19. Alikuwa akiwaombea wanawake wawili, ambao mmoja alitoa sadaka, na mwengine alilipa apate kuachwa akarudi njiani. Sikukuu ya Pasaka Celerinus aliipitisha akilia. Na wanawake hao walikuwa wakifanya nini wakati huo? Walikuwa wakiteremka bandarini kuwapokea wakimbizi waliofika kwa jahazi kutoka Carthage, wakawaweka na kuwalisha watu 65. Haya, msomaji, mwanamke kama huyo utamfungia mlango?

Cyprian hakutaka kufunga. Lakini hakutaka pia mlango uondolewe kabisa. Alichokataa ni msamaha wa haraka haraka, unaotolewa kama tikiti, bila toba wala machozi, kwa sababu tu mtu ana karatasi. Kwake yeye jeraha lililofunikwa na kitambaa kizuri kabla ya kuoshwa huoza ndani. Akaagiza wangoje mpaka amani irudi, maaskofu wakae pamoja, na kila mtu atazamwe kwa hali yake. Wale makasisi watano, pamoja na mwenzao Felicissimus, wakaona nafasi imepatikana. Wakawapokea walioanguka bila masharti yoyote na kutangaza kwamba Cyprian hana huruma.

Alirudi Carthage baada ya Pasaka ya mwaka 251, na mwaka huo huo Decius aliuawa vitani akipigana na Wagothi. Maaskofu wa Afrika wakakutana. Walioamua kununua vyeti bila kutoa sadaka wapokewe baada ya kutazamwa mmoja mmoja. Waliotoa sadaka waendelee na toba, na wakifikwa na ugonjwa wa kufa wasiachwe wafe nje.

Kumbe Roma nako moto ulikuwa unawaka, ila upande wa pili. Kasisi mmoja mwenye elimu nyingi, Novatian, alishikilia kwamba aliyeikana imani asirudishwe kamwe, atubu asitubu. Akajifanya askofu kushindana na Cornelius aliyechaguliwa. Cyprian akamuunga mkono Cornelius. Aliyesoma historia yetu atakumbuka mzozo wa Khawarij na Murjia juu ya Muislamu aliyetenda dhambi kubwa, wale wakimtoa katika dini na hawa wakiiahirisha hukumu yake. Cyprian alisimama katikati akapigwa mawe na pande zote mbili: Carthage aliitwa mkali, Roma akaitwa mlegevu.

Kisha likatokea jambo ambalo kwangu mimi ndilo linaloonyesha huyu alikuwa mtu wa namna gani. Chini ya Kaizari Gallus zilianza kusikika dalili kwamba mateso yanarudi. Mtu mwengine angekaza kamba na kusema waliosaliti mara ya kwanza watasaliti ya pili. Cyprian na maaskofu wenziwe 42 kwa jumla wakaamua kinyume. Wote waliokuwa wakitubu, hata waliotoa sadaka, wapokewe mara moja. Sababu yao ilikuwa wazi: huwezi kumtaka mtu asimame vitani na wewe umemnyima silaha, na asiyejihesabu mwenzenu hatakufa kwa ajili yenu. Wakati wa hatari ndio wakati wa kumwita aliyepotea. Askofu yule yule aliyesema ngojeni, sasa alisema ingieni.

Pamoja na hayo likaja tauni, ambalo vitabu vya historia hata leo hulitia jina lake. Watu walitapika na kuhara, macho yakawa mekundu kwa damu, baadhi wakapoteza miguu au kupofuka. Mjini Carthage maiti zilitupwa njiani na watu wakawakimbia jamaa zao. Cyprian aliwakusanya Wakristo akawagawia kazi, matajiri watoe mali na maskini watoe nguvu zao, na akawataka wawauguze hata wapagani, wale wale waliokuwa juzi wakipiga kelele wamtake simba. Karibu na siku hizo makabila ya jangwani yaliwateka Wakristo wa Numidia. Yeye na watu wake wakachanga sesta 100,000 kuwakomboa, wakapeleka pamoja na orodha ya majina ya waliotoa ili waombewe dua.

Hakuwa malaika. Aligombana vibaya na Stephen, askofu wa Roma, juu ya ubatizo wa wazushi, na ukali wa barua zake wakati huo unaonyesha kwamba mwalimu wa ufasaha hakusahau kazi yake. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe Wakristo.

Mwaka 257 Kaizari Valerian alianza kuwaandama tena viongozi wa kanisa. Tarehe 30 Agosti Cyprian aliletwa mbele ya liwali, akakataa kuabudu miungu, akakataa pia kuyataja majina ya makasisi wake. Akahamishwa hadi Curubis, mji wa pwani ambao leo waitwa Korba, Tunisia. Mwaka uliofuata alirudishwa akakaa katika bustani zake. Amri mpya ilikuwa ya kuua. Rafiki zake wakubwa wakamshauri ajifiche na wakamtayarishia mahali. Safari hii hakukubali. Alijitenga kwa siku chache tu, aliposikia kwamba wanataka kumpeleka akauawe Utica, kwani alitaka afie katika mji wake mbele ya watu wake. Liwali aliporejea Carthage, naye akarejea bustanini.

Askari walimjia tarehe 13 Septemba mwaka 258. Kesi iliahirishwa hadi kesho yake, na usiku ule akawekwa nyumbani kwa ofisa mmoja. Habari ikaenea, mji mzima ukamiminika, wakakesha nje ya mlango. Yeye, mwenye usiku mmoja tu wa kuishi, akaagiza wasichana waliokuwamo katika umati ule watazamwe wasije wakapatwa na jambo.

Asubuhi kesi haikuchukua muda. Liwali Galerius Maximus, mtu mgonjwa, alimuuliza akajibu, akamshauri ajifikirie akakataa, akasoma hukumu ya upanga. Umati ukapaza sauti wakitaka wauawe pamoja naye. Walimfuata mpaka uwanja ulioitwa shamba la Sextus, wengine wakapanda juu ya miti wapate kuona. Cyprian akavua joho lake, akapiga magoti akaomba. Akaagiza mwuaji wake apewe sarafu 25 za dhahabu. Watu wakatandika vitambaa mbele yake. Kitambaa cha macho alikifunga mwenyewe.

Mchana mwili uliachwa karibu na hapo, wapagani wakaja kuutazama. Usiku Wakristo wa Carthage walikuja na mishumaa na mienge, wakamchukua kwa sala hadi makaburini kando ya barabara ya Mappalia, njia nzima wakitembea wazi wazi katika mwangaza, bila mtu kujificha uso.