Edwin Link na Chombo Kilichoiga Anga

Sisi tunaofundisha huku Embu na Meru tumezoea kuuona Mlima Kenya ukifutwa na mawingu hata kabla ya saa nne asubuhi. Rubani aingiaye katika wingu kama hilo hudanganywa na masikio yake mwenyewe: ndege imelalia upande, naye huhisi imenyooka. Aliyewazoeza marubani kuushinda udanganyifu huo ni Mmarekani Edwin Link, ambaye wanafunzi wetu hawamjui.

Alizaliwa mwaka wa 1904, akakulia Binghamton, New York, ambako babake alikuwa na kiwanda cha vinanda. Mwaka wa 1920 alilipa dola 50 ili afunzwe urubani. Mwalimu aliipindua ndege angani na kuizungusha kama pia, wala hakumruhusu kijana kugusa usukani. Basi Link akaunda kiwandani chombo chenye umbo la ndege ndogo, kikisukumwa na mivukuto ileile ya vinanda. Shule za urubani zilikipuuza. Wenye viwanja vya burudani wakakinunua.

Mauti ndiyo yaliyogeuza mambo. Mwaka wa 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua, na katika majuma machache marubani kadhaa wakafa katika hali mbaya ya hewa. Jeshi likanunua vyombo 6. Mwanafunzi alifungiwa chini ya kifuniko, asione ila saa za vipimo, ajifunze kuzisadiki.

Hata hivyo, sifa zina mpaka. Ndege ikienda polepole huku pua imeinuka mno, hewa hubanduka juu ya bawa, nalo huacha kuibeba ndege. Bawa moja likitangulia, ndege huanguka ikizunguka. Chombo cha Link cha wakati wa vita kiliiga mtetemo wa kabla ya hapo, na hata mzunguko wenyewe, lakini kikiwa sakafuni, ambako kosa haliui. Mashine za kompyuta zilizofuata zilikuwa, kwa miaka mingi, na vipimo halisi hadi ukingoni mwa anguko hilo tu. Ng'ambo yake zilikisia. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, katika jimbo lilelile la New York, watu 50 wakafa: rubani alivuta usukani pale alipopaswa kuusukuma. Ndipo Marekani ikaagiza kwamba kuanzia Machi 2019 marubani wa mashirika wazoezwe anguko kamili, si dalili zake tu.

Kwa hiyo siwaungi mkono wanaotaka shule zetu zitosheke na majaribio ya kemia kwenye skrini.

Link mwenyewe hakutosheka na kuiga. Aligeukia bahari, akabuni vyombo vya kuzamia. Juni 1973 kimoja kilinaswa katika mabaki ya meli karibu na Florida, na mwanawe Clayton akafa humo pamoja na mwenzake. Miaka iliyofuata, kabla ya kufariki 1981, Link alishughulika kubuni njia ya kuwaokoa walionaswa chini ya maji.