Wasifu wa Otis Redding, Mwimbaji wa Muziki wa Soul

Soma kwa makini kifungu cha habari kifuatacho, kisha jibu maswali yanayofuata.

Otis Redding alizaliwa tarehe 9 Septemba 1941 katika mji mdogo wa Dawson, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Baba yake hakuwa na ardhi. Alilima shamba la mtu na kugawana mavuno na mwenye shamba. Otis akiwa bado mdogo, familia ilihamia mji wa Macon, ambako baba alipata kazi katika kambi ya jeshi la anga. Zama hizo sheria za kusini ziliwatenga watu weusi na weupe shuleni, katika mabasi na hata katika kumbi za starehe.

Muziki wa Otis una mizizi miwili. Wa kwanza ni kanisa. Baba yake alikuwa pia mhubiri wa Kibaptisti, naye mtoto aliimba katika kwaya tangu utotoni. Huko alijifunza kupaza sauti na kurudia neno moja mpaka limguse msikilizaji. Mzizi wa pili ni muziki wa bluzi na roki uliosikika redioni na mitaani. Aliwahusudu waimbaji wawili: Little Richard, mzaliwa wa Macon, aliyeimba kwa kishindo, na Sam Cooke, aliyetokea katika muziki wa injili na kuimba kwa ulaini. Muziki wa soul ni matunda ya mizizi hiyo: nyimbo za mapenzi na maisha ya kila siku zinazoimbwa kwa hisia za kanisani.

Otis alipofika miaka 15, baba yake alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Akiwa mtoto wa kwanza wa kiume, aliacha shule ili aisaidie familia. Alichimba visima na kufanya kazi katika kituo cha mafuta. Wakati huohuo alishiriki mashindano ya vipaji katika ukumbi wa Douglass mjini Macon, akashinda mfululizo zawadi ya dola 5. Baadaye alijiunga na bendi ya mpiga gitaa Johnny Jenkins.

Mwaka 1962 Jenkins alikwenda kurekodi katika studio ya Stax mjini Memphis. Kwa kuwa Jenkins hakuwa na leseni ya udereva, Otis ndiye aliyeendesha gari. Kazi ya Jenkins haikwenda vizuri, na muda kidogo ukabaki. Watu wa studio walimwona Otis kuwa dereva na mbeba vyombo tu, lakini walimpa nafasi. Aliimba wimbo alioutunga mwenyewe, "These Arms of Mine". Safari aliyoianza akiwa dereva ikampatia mkataba.

Studio ya Stax ilikuwa katika jengo lililowahi kuwa ukumbi wa sinema. Ndani yake weusi na weupe walipiga muziki pamoja, jambo ambalo lilikuwa nadra katika mji huo wa ubaguzi. Otis aliwaelekeza wapiga tarumbeta kwa kuwaimbia kwa mdomo sehemu walizotakiwa kupuliza. Mwaka 1965 alitoa wimbo "Respect", ambamo mume anadai heshima kwa mkewe. Miaka miwili baadaye Aretha Franklin aliugeuza, mwanamke akawa ndiye anayedai heshima, na wimbo ukawa sauti ya wanawake na ya watu weusi waliopigania haki zao.

Mwaka 1967 Otis alizunguka Ulaya, na mwezi Juni akaimba katika tamasha la Monterey, California, mbele ya maelfu ya vijana, wengi wao weupe. Baadaye alifanyiwa upasuaji wa koo, akalazimika kukaa kimya kwa majuma kadhaa. Alipopona alirekodi wimbo wa utulivu, tofauti na zile za awali, "(Sittin' On) The Dock of the Bay", na mwishoni akapiga mluzi.

Siku chache baadaye, tarehe 10 Desemba 1967, ndege yake ilianguka katika ziwa Monona, Wisconsin. Watu saba walifariki, wakiwamo vijana wanne wa bendi yake. Mpiga tarumbeta Ben Cauley peke yake ndiye aliyenusurika. Otis alikuwa na umri wa miaka 26, na aliacha mjane na watoto. Mwaka 1968 wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Hakuwahi kuusikia ukipigwa redioni.

Nafasi aliyoipata Otis mjini Memphis ilikuwa fupi sana, lakini ilimkuta amejiandaa kwa miaka mingi. Chanda chema huvikwa pete.

Maswali

1. Taja mizizi miwili ya muziki wa Otis Redding na ueleze alichojifunza katika mzizi wa kwanza.
2. Kwa nini Otis aliacha shule?
3. Eleza jinsi safari ya Memphis ilivyobadili maisha yake.
4. Wimbo "Respect" ulibadilikaje maana ulipoimbwa na Aretha Franklin?
5. Methali iliyotumika mwishoni inahusianaje na maisha ya Otis?
6. Fupisha aya ya sita na ya saba kwa maneno yasiyozidi 50.