Bwana Saint Paul na Ua la Usambara

Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa Mdachi, naye alizaliwa mwaka 1860. Mwaka 1890 alitoa kitabu cha kuwafundisha Wadachi wenzake Kiswahili. Kisha, katika siku zile Wadachi walipoitawala nchi hii, akawekwa kuwa mkuu wa wilaya ya Tanga.

Mwaka 1892 aliona katika nchi ya Usambara mmea mdogo umeota juu ya miamba, penye kivuli na unyevu. Majani yake yalikuwa na malaika laini, na maua yake yalikuwa ya rangi ya urujuani. Akampelekea baba yake mbegu huko Ulaya. Baba yake alipenda sana bustani, naye akampa habari mtaalamu wa mimea, Hermann Wendland. Mwaka 1893 Wendland akauita Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima ya jamaa ya Saint Paul. La pili ni la Kiyunani, lenye kutaja urujuani wa maua.

Bwana Saint Paul alifariki mwaka 1940. Ua lile limeenea duniani, na watu hulipanda katika vyungu madirishani. Lakini kwao misituni linapungua, kwa maana miti ikikatwa, jua hufika miambani, na mmea hukauka.

Mwaka 2015 wataalamu waliuingiza mmea huo katika jamii ya Streptocarpus, na jina la Saintpaulia likaachwa kuwa jina la jamii ya peke yake. Jina likibadilika, mmea haudhuriki. Bali msitu ukiisha, hakuna jina liwezalo kuurudisha.