Augustino na Mwanamke Aliyerudishwa Afrika

Tarehe 27 Agosti Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Monika, na siku inayofuata anamkumbuka mwanawe, Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo na Mwalimu wa Kanisa. Katika mahubiri ya siku hizo mbili waamini husikia habari za machozi ya mama na wongofu wa mwana. Mtu wa tatu katika nyumba ile hatajwi mara nyingi: mwanamke aliyeishi na Augustino kwa zaidi ya miaka kumi na kumzalia mtoto. Safari hii tumeona vema kumpa nafasi yake, kwa maana bila yeye ni vigumu kuelewa jinsi Augustino alivyokuja kufundisha juu ya ndoa.

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 huko Tagaste, mji mdogo katika nchi iitwayo leo Algeria. Baba yake, Patricius, alikuwa mjumbe wa halmashauri ya mji, mwenye mali kidogo na matumaini makubwa juu ya mwanawe. Alipokea Ubatizo mwishoni tu mwa maisha yake. Shuleni mtoto alilishwa mashairi ya Virgil. Humo alikutana na Dido, malkia wa Karthago, aliyempenda Aeneas, mgeni aliyetupwa na dhoruba kwenye pwani ya Afrika. Miungu ilimwamuru mgeni yule aende Italia. Akatweka tanga, na malkia akajiua kwa upanga. Augustino alimlilia sana Dido. Alipokuwa askofu alijilaumu kwamba alimlilia mwanamke wa hadithi wakati roho yake mwenyewe ilikuwa ikifa, na kwa ajili ya roho hiyo hakutoa hata chozi moja.

Lawama iliyo kali zaidi aliielekeza kwenye visa vya Jupiter, mkuu wa miungu ya Kirumi. Katika mchezo mmoja wa Terence uliofundishwa shuleni, kijana anatazama picha ya Jupiter akimshukia msichana Danae kwa sura ya mvua ya dhahabu. Kijana anajiuliza kwa nini yeye, mwanadamu tu, asitende kile alichotenda mungu, kisha anakwenda kufanya uovu wake. Augustino hakulaumu lugha yenyewe, kwani aliyaona maneno kuwa ni vyombo vya thamani. Alisikitikia divai ya upotovu iliyotiwa ndani ya vyombo hivyo, watoto wakanyweshwa na kuchapwa fimbo walipokataa. Mzazi mwenye kijana anayeshinda na simu mkononi ataona mara moja kwamba hoja hii haijazeeka.

Alipofikisha miaka 16 alirudi nyumbani kwa mwaka mmoja kwa kukosa ada. Patricius, alipomwona bafuni kwamba amebalehe, alifurahi kwa kuwaza wajukuu. Monika aliogopa, akamwonya mwanawe kwa faragha ajiepushe na uasherati, na hasa na wake za watu. Hata hivyo hakuna aliyefikiria kumwoza, kwa hofu kwamba mke angemzuilia masomo. Baadaye Augustino aliliandika jambo hili bila kuwaficha wazazi wake: wote wawili walitanguliza elimu yake na cheo chake.

Basi akaenda Karthago, mji wa Dido, akiwa na njaa ya kupenda kabla hajampata wa kumpenda. Alishinda kwenye majumba ya maigizo akiwalilia wapenzi waliotenganishwa jukwaani. Muda si mrefu akaanza kuishi na mwanamke ambaye inaelekea alikuwa wa tabaka la chini. Jamii ya Kirumi haikuona aibu katika jambo hilo. Kijana mwenye matarajio aliweza kukaa na mwanamke wa namna hiyo miaka mingi, na wakati wa kuoa ulipofika akamwaga ili apate binti wa ukoo wenye mali. Kwetu Tanzania tunao msemo wa uchumba sugu. Wa Karthago walikuwa nao bila msemo huo.

Mtoto wao alizaliwa mnamo mwaka 372, akaitwa Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu. Augustino alikiri kwamba hawakumtazamia, lakini alipozaliwa aliwalazimisha wampende. Wakati huohuo alikuwa amejiunga na Wamanikeo, waliofundisha kwamba mwili ni kazi ya giza na kwamba kuzaa ni kuufunga mwanga gerezani. Alikaa nao miaka tisa, huku nyumbani akimlea mwana. Kwa mwanamke yule alikuwa mwaminifu miaka yote hiyo, na tunalisema hili kwa sababu wengi humdhania kuwa mtu aliyeruka kutoka kitanda hadi kitanda.

Mwaka 384 alipata kazi ya kufundisha ufasaha wa kunena huko Milano, mji alimokaa Kaisari. Mbele yake aliuona ugavana wa jimbo, na ugavana ulihitaji mke mwenye fedha. Monika aliwasili mwaka 385, akajitahidi sana kumtafutia mchumba, akitumaini kwamba baada ya ndoa mwanawe angebatizwa. Akapatikana binti aliyepungukiwa miaka miwili kufikia umri wa kuolewa, ambao kwa sheria ya Kirumi ulikuwa miaka 12. Ili posa isiharibike, mama yake Adeodatus akaondolewa.

Alirudi Afrika akiwa ameweka nadhiri kwa Mungu kwamba hatamjua mwanamume mwingine. Mtoto alibaki na baba. Augustino anasema moyo wake ulikuwa umeshikamana naye, ukachanika, ukavuja damu. Hata hivyo hakuweza kusubiri miaka miwili, akatafuta mwanamke mwingine wa muda, na kidonda kikaoza badala ya kupona. Hatuoni sababu ya kulainisha habari hii kwa kuwa wahusika wake wawili ni watakatifu. Aeneas wa Virgil aliamriwa na miungu, lakini aliyemwamuru Augustino ni cheo. Na katika nyumba ile yote, aliyekuwa wa kwanza kumpa Mungu mwili wake ni huyo aliyefukuzwa.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Alisikiliza mahubiri ya Mtakatifu Ambrosi, akapambana na nafsi yake, akiomba usafi wa moyo na papo hapo akiogopa kupewa upesi. Mwaka 386, bustanini, alisikia sauti ya mtoto, akafungua Waraka kwa Warumi, sura ya 13, akaacha posa na kazi yake. Katika Mkesha wa Pasaka wa mwaka 387 Ambrosi alimbatiza pamoja na rafiki yake Alypius na Adeodatus. Monika alifariki huko Ostia mwaka huohuo. Adeodatus alirudi Afrika na baba yake, akafariki akiwa kijana bado. Augustino ameacha kitabu cha mazungumzo baina yao wawili juu ya mwalimu, na anashuhudia kwamba mawazo ya mwana yaliyomo ni ya mwana mwenyewe, aliyekuwa na miaka 16 tu.

Akawa padre mwaka 391, na baada ya miaka michache askofu wa Hippo, hadi alipofariki tarehe 28 Agosti 430 Wavandali wakiwa wameuzingira mji. Mnamo mwaka 401 aliandika kitabu juu ya wema wa ndoa. Wakati ule baadhi ya watetezi wa ubikira walikuwa wameisema ndoa kana kwamba ni uovu unaovumiliwa. Augustino aliutukuza ubikira, lakini akafundisha kwamba ndoa ni njema kwa mema matatu: watoto, uaminifu na sakramenti. Papa Pius XI aliyatumia mema hayo matatu kuwa mihimili ya Waraka wake juu ya ndoa wa mwaka 1930.

Ndani ya kitabu hicho kuna mahali ambapo askofu anatoa mfano bila kumtaja mtu. Mwanamume anaishi na mwanamke kwa muda tu, hadi atakapompata mwingine anayefaa kwa heshima yake au mali yake. Augustino anamwita mwanamume huyo mzinzi moyoni, na anaeleza anamkosea nani: si yule anayetamani kumpata, bali huyu anayeishi naye bila ndoa. Kisha anamgeukia mwanamke. Ikiwa alimtunzia mwanamume huyo uaminifu, na baada ya kuachwa hafikirii kuolewa bali anajitayarisha kuishi katika usafi, Augustino hathubutu kwa wepesi kumwita mzinzi. Hasemi kwamba hana dhambi. Lakini anaongeza kwamba ikiwa mwanamke huyo, kwa upande wake, alitaka watoto tu katika kukutana kwao, na mengine aliyavumilia bila kupenda, astahili kuwekwa mbele ya wanawake wengi wenye ndoa halali. Mwanamume wa mfano ule hakupewa nafuu yoyote.