Akio Morita: Muuzaji aliyekataa oda ya redio 100,000

KATIKA biashara ya vifaa vya elektroniki kuna watu ambao kazi yao ni kukitafutia kiwanda wateja. Hubeba sampuli, hubisha hodi kwenye makampuni makubwa na kurudi na oda. Kiwanda hutengeneza bidhaa, lakini jina linaloandikwa juu yake ni la mwenye oda. Leo tunamkumbuka mtu aliyepewa oda kubwa ya aina hiyo akaikataa: hayati Akio Morita, mmoja wa waasisi wa Sony.

Morita alizaliwa Nagoya, Japani, tarehe 26 Januari 1921. Ukoo wake ulitengeneza sake, pombe ya mchele, kwa vizazi vingi, na yeye, mtoto wa kwanza wa kiume, ndiye aliyetarajiwa kurithi kazi hiyo. Akachagua fizikia. Alihitimu Chuo Kikuu cha Kifalme cha Osaka mwaka 1944, na akiwa ofisa wa jeshi la majini alikutana na mhandisi Masaru Ibuka. Mei 1946, Tokyo ikiwa bado magofu ya vita, wawili hao walianzisha kampuni yenye wafanyakazi wapatao 20.

Ibuka alishika karakana, Morita akashika soko. Mwaka 1953 alisaini na Western Electric ya Marekani mkataba wa leseni ya transista, na mwaka 1955 kampuni ikauza redio yake ya kwanza ya transista. Mwaka huo huo Morita alikuwa New York, redio mkononi. Kampuni ya saa ya Bulova ikataka redio 100,000 kwa sharti moja: ziuzwe kwa jina la Bulova. Oda hiyo ilizidi mara kadhaa mtaji wote wa kampuni yao. Tokyo wakamtaka akubali. Morita akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba jina la Bulova lilijengwa kwa miaka 50, na lao nalo lilipaswa kuanza siku moja.

Je, ilikuwa jeuri ya mtoto wa tajiri? Ni kweli kwamba fedha za baba yake ziliisaidia kampuni. Lakini tuangalie alivyomjibu mnunuzi mwingine, mwenye maduka yapatayo 150, aliyeomba bei za redio 5,000 hadi 100,000. Kwa redio 10,000 Morita alipunguza bei. Kuanzia 30,000 akaipandisha, na kwa 100,000 bei ya kila redio ikawa juu kabisa. Mnunuzi alishangaa. Morita akamweleza kuwa oda hiyo ingemlazimu kupanua kiwanda na kuajiri watu wengi, na isiporudiwa mwaka unaofuata kampuni ingefilisika. Wakakubaliana redio 10,000.

Mwaka 1958 kampuni ilichukua jina la Sony. Mwaka 1963 Morita alihamia New York na familia yake ili awajue wateja wake kwa karibu. Mwaka 1979 ikaja Walkman. Hakushinda kila mara: kanda za video za Betamax, zilizotoka mwaka 1975, zilishindwa na VHS, na mwaka 1988 Sony yenyewe ikaanza kutengeneza mashine za VHS. Alipatwa na kiharusi mwaka 1993 akicheza tenisi, akafariki dunia tarehe 3 Oktoba 1999, akiwa na umri wa miaka 78.

Kutengenezea wengine si aibu, na viwanda vingi vimeneemeka kwa kazi hiyo. Lakini sisi tulio ughaibuni, ambao wengi wetu jasho letu hutoka na jina la mwingine, tunaujua uzito wa uamuzi ule. Msomaji mwenye karakana, awe Muscat au Mwanza, akiletewa oda nono, kabla ya kusaini ajiulize mambo mawili: bidhaa itabeba jina la nani, na oda isiporudi mwakani, wafanyakazi wake watakula nini?