Isaac Rosenberg: Mshairi Asiye na Cheo Begani

Washairi wengi wa Uingereza waliopata sifa katika Vita Kuu ya Kwanza walikuwa maofisa. Isaac Rosenberg, ambaye leo tunasimulia maisha yake, hakuwa na cheo chochote. Aliingia jeshini askari wa kawaida, akafa askari wa kawaida.

Alizaliwa mjini Bristol tarehe 25 Novemba 1890, mwana wa Wayahudi maskini wahamiaji wenye asili ya Lithuania. Mwaka 1897 jamaa yake walihamia mashariki ya London. Alipotimu miaka 14 aliacha shule, akawekwa kwa fundi wa nakshi ajifunze kazi. Mapenzi yake yalikuwa uchoraji, na wafadhili wakamlipia ada katika chuo cha sanaa cha Slade. Mwaka 1914, kwa sababu ya udhaifu wa mapafu, alikwenda Cape Town, Afrika Kusini, kwa dada yake. Huko ndiko habari za vita zilikomkuta, na huko akazitungia shairi.

Aliporejea kwao mwaka 1915 hakupata kazi. Alichukia kuua, lakini mwezi Oktoba alijiandikisha jeshini ili mama yake apate sehemu ya mshahara. Kwa ufupi wa kimo chake alipelekwa katika batalioni ya watu wafupi. Alipotakiwa awe koplo usu, alikataa.

Juni 1916 alifika Ufaransa. Mahandakini mlijaa tope, panya na chawa, wala hamkuwa na meza ya kuandikia. Rosenberg aliandika kwa kalamu ya risasi juu ya vipande vya karatasi, akavituma London, na dada yake Annie akavipiga chapa. Shairi lake juu ya panya avukaye baina ya Waingereza na Wajerumani, asijue adui ni nani, lilichapishwa Chicago mwaka huohuo. Mwaka 1917, akiwa katika kazi ya kupeleka seng'enge mstari wa mbele, alitunga jingine juu ya maiti waliolala njiani.

Hatusemi kwamba alikuwa askari wa mfano. Alikuwa msahaulifu, na aliwahi kuadhibiwa kwa kusahau kinyago chake cha gesi, kosa ambalo kila askari ajua uzito wake. Lakini lipo kosa jingine, nalo si lake. Wakati fulani alizuiwa kutuma mashairi nyumbani, kwa kuwa mkaguzi wa barua aliyaona ni takataka zisizostahili kumsumbua. Kukagua barua ni wajibu wa jeshi, maana siri ikivuja watu hufa. Kudharau maneno ya askari si sehemu ya wajibu huo.

Mwishoni mwa Machi 1918, Wajerumani wakiwa katika mashambulizi makubwa, alituma barua yenye shairi lake la mwisho. Aliuawa karibu na Arras tarehe 1 Aprili, akiwa na umri wa miaka 27. Jiwe la kaburi lake lamtaja kuwa mchoraji na mshairi. Mwaka 1985 jina lake liliwekwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, pamoja na washairi wengine 15 wa vita hivyo, wengi wao maofisa.

Cheo hukaa begani, wala hakipimi kilichomo kichwani. Basi askari uliye lindoni, ukiwa na neno la kuandika, liandike. Nawe ofisa utakayelipokea, lisome kwanza.